Ramani ya Handaki ni ya Nani?

Historia ya gemu za mahandaki huelezwa mara nyingi kana kwamba ni historia ya picha. Mwanzo palikuwa na herufi juu ya kioo cheusi, zikaja kuta za mistari mitupu, zikafuata kuta zilizopakwa rangi, na leo mwenge humulika jiwe hadi kivuli cha zimwi kikaonekana kabla ya zimwi lenyewe. Masimulizi hayo si ya uongo, ila hayatufikishi mbali. Hayaelezi kwa nini gemu ya herufi iliyoandikwa na wanafunzi mnamo 1980 ingali inazaa watoto hadi leo, ilhali nyingi zilizoipita kwa sura zimesahauliwa hata na waliozinunua. Kwa asiyezijua, gemu hizi zina umbo moja: mchezaji huongoza mtu mmoja au kikosi kidogo ndani ya mahandaki yenye vyumba, milango, mitego na madubwana, huokota silaha na dawa, hushuka ghorofa baada ya ghorofa, kisha hurudi juu akiwa hai au harudi kabisa. Ninachodai hapa ni kwamba mabadiliko makubwa ya aina hii ya mchezo yanaeleweka vizuri zaidi tukiuliza ujuzi wa handaki unawekwa wapi: kwenye karatasi iliyo kando ya mchezaji, ndani ya mashine, katika namba za mhusika, au kichwani mwa mwenye kucheza. Kila kizazi cha wabunifu kimeuhamisha ujuzi huo, na kila ulipohamishwa, mchezo wenyewe ulibadilika hata pale jina lilipobaki lilelile.

Chimbuko lenyewe ni la wachora ramani. Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta wa kampuni ya BBN huko Massachusetts, alikuwa pia mpenzi wa kuchunguza mapango. Yeye na mkewe Patricia walishiriki kupima mfumo wa Mammoth Cave huko Kentucky, na Patricia alikuwamo katika kundi lililogundua mwaka 1972 kwamba mapango ya Flint Ridge yameungana na Mammoth. Mnamo 1975 na 1976 Crowther aliandika Adventure, gemu ya maneno matupu iliyofuata sehemu ya pango alilolijua kwa miguu yake, na mwaka 1977 Don Woods wa Stanford akaipanua. Ndani yake mna mzingile wa vyumba vinavyoelezwa kwa maneno yaleyale, hivyo mchezaji hawezi kujua yuko chumba kipi. Dawa waliyoivumbua wachezaji ilikuwa kuangusha vitu njiani, taa hapa, chupa pale, kisha kuchora karatasini chumba chenye taa kinapakana na kipi. Crowther alikuwa pia akicheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson uliochapishwa 1974 huko Lake Geneva, Wisconsin. Huko nako msimamizi alichora mahandaki yake kwenye karatasi ya grafu kabla ya mchezo, akayaficha, na wachezaji wakalazimika kuchora nakala yao kwa kusikiliza tu: ukumbi wa futi kadhaa, kona kuelekea mashariki, mlango upande wa kushoto. Ramani mbili basi, moja ya anayejua na nyingine ya anayetafuta kujua, na mchezo wote ukaishi katika tofauti iliyokuwa kati yake.

Kompyuta ilipochukua nafasi ya msimamizi, ilichukua ramani ile ya kwanza. Kwenye mtandao wa PLATO wa Chuo Kikuu cha Illinois, uliojengwa kwa ajili ya masomo, Rusty Rutherford aliandika gemu ya handaki mwaka 1975 na kuificha chini ya jina la faili lisilotia shaka, pedit5. Wasimamizi wa mfumo waliifuta, lakini nyingine zikachipuka, zikiwemo dnd mwaka huohuo na Oubliette mwaka 1977. (Historia ya gemu hizi ina deni kubwa kwa wanafunzi waliotumia mitambo ya vyuo kwa mambo ambayo vyuo havikuyakusudia.) Mmoja wa waliozizoea mashine za PLATO ni Robert Woodhead, mwanafunzi wa Cornell, ambaye pamoja na Andrew Greenberg alitoa Wizardry mwaka 1981 kwa kompyuta ya Apple II, kupitia kampuni ya Sir-Tech.

Wizardry inastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu ndiyo ushahidi wa wazi kuliko wote. Handaki lake lina ghorofa 10, kila moja ikiwa na miraba 20 kwa 20. Mchezaji huongoza kikosi cha watu 6 na huona kipande tu cha ukumbi kilichochorwa kwa mistari, bila ramani yoyote kwenye skrini. Karatasi ya grafu ilikuwa sehemu ya mchezo sawasawa na kibodi. Lakini jambo lenye uzito zaidi ni kwamba mitego ya Greenberg na Woodhead haikumlenga mhusika, ilimlenga mchoraji. Kuna mraba unaokigeuza kikosi kielekee upande mwingine bila taarifa, na aliyedhani anakwenda kaskazini huendelea kuchora kaskazini ilhali anakwenda magharibi. Kuna mraba unaokihamisha kikosi kimyakimya hadi sehemu nyingine inayofanana na ile iliyoachwa. Kuna eneo la giza ambamo hata ukuta wa mbele hauonekani. Ghorofa hazina ukingo: ukitoka upande mmoja unaibukia upande wa pili. Uchawi uitwao DUMAPIC hutoa namba za mahali kikosi kilipo, na mwingine, MALOR, hukipeleka popote kwa kuandika idadi ya miraba ya kusogea. Ukikosea hesabu, kikosi hutua ndani ya mwamba na kupotea. Kuna kifo gani kingine katika gemu zote kinachotokana na kosa la kuchora tu, bila upanga kuinuliwa? Kikosi kikiangamia, maiti hubaki palepale kilipoanguka, na mchezaji hulazimika kuunda kikosi kipya cha watu dhaifu kwenda kuwatafuta wenzao. Wahusika wote ni wapya, hawajui lolote. Anayejua njia ni yule aliyeshika karatasi.

Rogue, ile gemu ya herufi ya mwaka 1980, ilifuata njia ya pili. Michael Toy na Glenn Wichman, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Cruz, waliipenda Adventure lakini walichoshwa na kwamba ukishaimaliza hakuna kilichobaki. Walitaka gemu ambayo hata wao walioiandika wangeshtushwa nayo. Ikawa basi kompyuta inapanga vyumba na njia upya kila mchezo unapoanza, kwa bahati nasibu. Ken Arnold wa Berkeley, aliyetengeneza maktaba ya programu ya kusogeza herufi kwenye skrini, akajiunga nao, na kupitia toleo la mwaka 1983 la BSD, mfumo wa uendeshaji wa Berkeley, gemu hiyo ikasambaa vyuoni. Mhusika ni alama ya @, na madubwana ni herufi kubwa kutoka A hadi Z. Hapa ramani inachorwa na mashine: kila chumba unachokipita hubaki kwenye skrini. Ramani hiyo, hata hivyo, haina thamani kesho, kwa maana ukifa faili lako limefutwa na handaki limevunjwa. Kinachobaki ni sheria za ulimwengu ule: kwamba dubwana fulani hutia kutu deraya za chuma, kwamba njaa itakuua ukizubaa, kwamba kwenye ujia mwembamba maadui wengi hukufikia mmoja mmoja. Hata sehemu ya hayo ilivurugwa makusudi, kwani rangi za dawa na majina ya hati za uchawi hubadilika kila mchezo. Dawa ya bluu iliyokuponya jana inaweza kukupofusha leo. Mchezaji hakariri dawa, anajifunza namna ya kuzijaribu: wakati gani ni salama kunywa kitu usichokijua, na wakati gani ni upumbavu. Wanafunzi wanne wa Carnegie Mellon waliandika Rog-O-Matic, programu iliyocheza Rogue bila mtu, na sehemu muhimu ya kazi yao ilikuwa kuipa kumbukumbu ya madubwana inayovuka kutoka mchezo hadi mchezo. Walielewa kwamba anayeshuka bila kumbukumbu ya vifo vyake hafiki mbali.

Kwa hiyo kufikia katikati ya miaka ya 1980 palikuwa na matawi mawili. Katika tawi la Wizardry handaki ni moja na la kudumu, na ujuzi wake hukaa kwenye karatasi. Katika tawi la Rogue handaki ni jipya kila mara, na ujuzi hukaa kichwani. Mageuzi yaliyofuata yalianza na jambo lililoonekana kuwa huduma tu kwa mteja. Mwaka 1988 Bard's Tale III ilianza kumchorea mchezaji ramani, na mwaka huohuo Might and Magic II ya Jon Van Caneghem ikafanya jambo la ajabu zaidi: ramani hujichora endapo tu mmoja wa kikosi ana ustadi wa uchoraji ramani. Tuitafakari hatua hiyo. Ustadi uliokuwa wa mtu aliyeketi mbele ya kompyuta, mwenye penseli na kifutio, umehamishiwa kwa mhusika aliyemo ndani, naye anaununua kwa sarafu za dhahabu. Sidhani kama kuna mfano ulio wazi kuliko huu wa ujuzi kuhamishwa kutoka kwa mchezaji hadi kwenye orodha ya sifa. Dungeon Master ya FTL, iliyotoka 1987 na kuleta mapigano yasiyongoja zamu, iliendelea bila kumchorea mtu chochote, lakini mkondo ulikwisha kugeuka. Ultima Underworld ya mwaka 1992 ilitafuta njia ya kati iliyo nzuri sana: mashine inachora kuta, nawe unaandika maelezo yako juu ya ramani hiyo, hapa pana mlango uliofungwa, pale usirudi.

Hapa huja pingamizi la kwanza, tena si jepesi. Wengi watasema kuchora miraba 400 kwa mkono ilikuwa adha tupu, na kwamba kuililia ni kulilia kufua kwa mkono wakati mashine ipo. Nakubali nusu. Ukumbi mrefu usio na kitu hauna raha yoyote kuuchora, na wabunifu wa zama zile walijaza kumbi tupu bila huruma. Lakini pingamizi hilo linachukulia kwamba kazi iliondolewa na mchezo ukabaki vilevile. Haikuwa hivyo. Mraba unaomgeuza mchezaji una maana tu iwapo kuna mtu anayeweza kukosea upande. Mashine haikosei, na mtego ule mbele yake ni mzaha. Vivyo hivyo kumbi pacha, maeneo ya giza, na ghorofa zisizo na ukingo. Mashine ilipopewa kalamu, msamiati mzima wa mitego ukawa hauna wa kumnasa, na wabunifu wakabakiwa na kitu kimoja cha kujazia nafasi, nacho ni maadui. Handaki lililokuwa fumbo likaanza kuwa ukumbi wa vita.

Matokeo yalionekana waziwazi katika Diablo, iliyotoka mwishoni kabisa mwa 1996. Kiongozi wake, David Brevik, alikuwa amelelewa na Moria, gemu ya jamii ya Rogue iliyoandikwa na Robert Koeneke katika Chuo Kikuu cha Oklahoma mwaka 1983, na pia Angband, mtoto wa Moria. Pendekezo lake la kwanza lilikuwa gemu ya zamu kama hizo. Kampuni ya Blizzard ilimshawishi aondoe zamu, naye akabadilisha msimbo kwa muda mfupi tu, na mbofyo wa kipanya ukawa pigo la upanga. Diablo ilichukua kutoka Rogue handaki linalopangwa upya, hivyo hakuna njia ya kukariri. Ikachukua kutoka kwa warithi wa Wizardry ramani inayojichora, tena juu ya skrini yenyewe, hivyo hakuna kupotea. Na kwa kuwa anayekufa anaweza kufungua mchezo aliouhifadhi, kifo nacho kikapoteza ukali. Ujuzi wa handaki ukabaki bila makao. Kilichodumu ni mhusika: ngazi yake, silaha yake, na namba ndogo zilizoandikwa chini ya jina la silaha hiyo. Sisemi kwamba Diablo ni gemu mbaya. Ni kazi ya ustadi mkubwa, na mdundo wake wa kuua, kuokota na kulinganisha umeigwa kote duniani. Nasema ni mchezo wa aina nyingine uliovaa nguo za ule wa kwanza.

Mtetezi wa Diablo ataniuliza: je, namba hazikuwepo tangu mwanzo? Dungeons & Dragons yenyewe ilikuja na pointi za uzoefu na ngazi, na hakuna aliyemaliza Wizardry akiwa na mashujaa wa ngazi ya kwanza. Ni kweli. Tofauti ni nani alikuwa mdhamini wa nani. Katika Wizardry nguvu zote za kikosi ziliwekwa rehani kwa ujuzi wa mchezaji. Mraba mmoja ulioandikwa vibaya uliweza kuteketeza miezi ya kujijenga, kwa sababu gemu iliandika kifo kwenye diski papo hapo. (Ndiyo maana walikuwepo waliokuwa wakichomoa diski kwa haraka wakiona mambo yameharibika, na wizi huo mdogo unaonyesha kwamba adhabu ilikuwa ya kweli.) Ukiondoa rehani hiyo, namba hujitegemea na hazimwajibishi mtu. Watengenezaji wa Diablo walilijua hilo. Diablo II ya mwaka 2000 ilikuja na hali ya hiari ambamo mhusika akifa ndiyo mwisho wake, na waliokuwa wakiitamani rehani wakarudishiwa.

Huku Marekani ikisonga upande huo, Japani ililihifadhi tawi la Wizardry kwa uaminifu kuliko nchi ilikozaliwa. Henk Rogers, aliyezaliwa Uholanzi, aliwaletea Wajapani The Black Onyx mwaka 1984. Wizardry ikafika kwenye kompyuta zao 1985 na kwenye Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, 1987. Na hata baada ya Sir-Tech kufunga, jina hilo liliendelea kutolewa huko. Ni kutoka kwenye udongo huo ambapo kampuni ya Atlus ilitoa Etrian Odyssey mwaka 2007 kwa Nintendo DS, mashine ndogo yenye skrini mbili. Kwenye skrini ya juu kuna msitu wa mahandaki. Kwenye ya chini kuna karatasi ya miraba na kalamu ya plastiki, na mchezaji anachora kuta mwenyewe. Wangeweza kabisa kuiacha mashine ichore kila kitu. Waliamua mkono wa mtu ndio uwe ndani ya mchezo. Mwaka 2012 kampuni ndogo ya Finland, Almost Human, ikatoa Legend of Grimrock, mrithi wa Dungeon Master, ikiwa na chaguo la kuzima ramani ya mashine ili mtu arudi kwenye penseli. Nayo FromSoftware, iliyoanza na gemu ya mahandaki ya King's Field mwaka 1994, ilitoa Dark Souls mwaka 2011 bila ramani yoyote. Mchezaji hujua njia kama mwenyeji anavyojua vichochoro vya mji wake. Hata Elden Ring ya 2022, yenye ramani kubwa ya nchi nzima, haikuchorei ramani ya ndani ya makaburi na mapango yake: nje mashine inakuongoza, ndani uko peke yako.

Tawi la Rogue nalo lilichanua kwa kiasi ambacho Toy na Wichman hawangekitarajia. NetHack, iliyotoka 1987 ikitokana na Hack, iliendelea kukuzwa na watu wa kujitolea kwa miongo. Mwaka 2008 Derek Yu alitoa Spelunky, akaingiza kanuni za Rogue katika gemu ya kuruka na kukwea. Toleo lake la kompyuta la mwaka 2013 lilikuja na shindano la kila siku: dunia nzima hupewa pango lilelile, na kila mmoja hucheza mara moja tu. Ni jaribio safi la hoja hii. Pango ni moja kwa wote, lakini hakuna aliyeliona kabla, na ukishaliona nafasi imekwisha. Kinachopimwa ni kile ambacho mtu ameshakibeba. Kinyume chake ni gemu kama Rogue Legacy ya 2013 na Hades ya 2020, ambazo kila kifo humwachia mchezaji mali ya kununulia nguvu za kudumu. Hades ni gemu nzuri ajabu kwa uandishi wake, lakini ina chaguo ambamo kila unapokufa kinga yako inaongezeka. Anayeshinda kwa njia hiyo baada ya vifo vingi hawezi kusema kwa uhakika kama amejifunza au amebebwa. Labda hilo halimsumbui, na si lazima limsumbue, maana wengi wamekuja kwa ajili ya hadithi. Ila mwanahistoria wa gemu hizi analazimika kuona kwamba namba, zilizokuwa mateka wa ujuzi, hapa zinaweza kuchukua nafasi yake.

Pingamizi la mwisho ni la intaneti. Kuna maana gani kuzungumza juu ya ujuzi ulio kichwani wakati kila mraba wa kila handaki umeshawekwa mtandaoni na mtu fulani? Swali si jipya, kwani wauzaji wa The Bard's Tale waliuza vitabu vya majibu miaka ya 1980, na wachezaji wa NetHack walipeana orodha ndefu za siri za mchezo kupitia Usenet, mtandao wa majadiliano. Tawi la Wizardry ndilo linaloumia zaidi, maana ramani ya handaki la kudumu ikishachapishwa, fumbo limekufa. Tawi la Rogue huumia kidogo, kwa kuwa kusoma kwamba usinywe dawa usiyoijua karibu na maadui hakukupi utulivu wa kulikumbuka hilo wakati uhai umebaki kidogo na milango yote miwili imezibwa. FromSoftware walikwenda mbali zaidi: tangu Demon's Souls ya 2009 wachezaji huachiana ujumbe sakafuni, wa kweli na wa uongo, hivyo maarifa ya umma yakawa yenyewe ni kitu cha kupimwa kabla ya kuaminiwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye gemu yake ya kwanza yaelekea ilikuwa ya simu, mlango ulio karibu ni Pixel Dungeon, iliyotolewa na Oleg Dolya kwa Android mwishoni mwa 2012. Ni ndogo, haihitaji bando wakati wa kucheza, na lengo lake ni Hirizi ya Yendor iliyoko ghorofa ya 26, shabaha ileile ya Rogue. Dawa zake hubadilika rangi kila mchezo, na ramani hujichora huku ikijulikana haitafaa kesho. Dolya alipoachia msimbo wake hadharani mwaka 2014, matoleo mengi yakazaliwa, maarufu kati yake Shattered Pixel Dungeon ya Evan Debenham, inayoendelezwa hadi sasa. Toleo hilo baadaye lilimruhusu mchezaji kuandika namba ya mbegu ambayo handaki huota kutokana nayo. Wawili wakiandika mbegu moja, mmoja Mwanza na mwingine Mombasa, hushuka katika mahandaki yaleyale, na aliyetangulia anaweza kumtumia mwenzake ujumbe kwamba ngazi ya ghorofa ya tatu iko nyuma ya mlango wa siri upande wa mashariki. Toy na Wichman waliivunja ramani ili wao wenyewe wasiijue, na wachezaji wa leo wanaomba warudishiwe walau moja wanayoweza kugawana.